Mtoto Amekwenda Kuonana na Ndugu Zake



Kila mara jamaa fulani wa parokia zetu za Lubumbashi anapopata nafasi ya kwenda Ulaya pamoja na mtoto mchanga, maneno mawili huzunguka mtaani kabla hata masanduku hayajafungwa. Wengine husema ni fedha zilizotupwa, kwa kuwa mtoto wa miezi kumi hatakumbuka kitu. Wengine, nao ndio wengi, husema kwa sauti ya chini: hao hawarudi, mtoto ni ufunguo. Maneno hayo yote mawili yamesemwa juu ya nyumba yangu mwenyewe, na yote mawili nayaona kuwa potofu. Nayaandika haya kwa sababu wengi kati yenu mtaalikwa siku moja na baba mdogo au shangazi aliye ng'ambo, na ni heri jambo hili lifikiriwe kabla barua ya mwaliko haijafika.

Mdogo wangu anaishi karibu na Köln, nchini Ujerumani. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi usiku. Mama yetu alipofariki, hakuweza kuja. Mazishi aliyafuata katika simu ambayo binamu yetu aliiinua juu ya vichwa vya watu, na mtandao ukakatika wakati jeneza likishushwa. Hadi leo hakuna aliyethubutu kumweleza dakika zile zilikuwaje, naye hajauliza.

Mwaka uliofuata mwanangu alipata binti, naye akampa jina la marehemu. Mnajua desturi yetu: mtoto aliyepewa jina la nyanya hupokea pamoja na jina heshima yake. Mimi mwenye mvi humwita mtoto huyo Mama, na humwamkia. Mdogo wangu naye alianza kumwamkia kwa simu, kila Jumapili, huku mtoto akijaribu kuitia simu mdomoni. Kisha siku moja akaniambia: «Yaya, nataka kumbeba.» Ziara yetu ilianzia katika neno hilo.

Kwa nini asije yeye? Swali hilo ni halali, nami nililiuliza. Wao ni watu watano, na watoto wake watatu ni wanafunzi. Sheria ya Ujerumani humlazimu mtoto kuwapo shuleni. Mzazi hawezi kumwondoa darasani wiki tatu kwa sababu ya safari bila ruhusa, na anaweza kutozwa faini. Basi yabaki majuma ya likizo, ambayo ndiyo majuma ambayo tiketi za ndege huwa ghali kuliko wakati wowote. Upande wetu tulikuwa mwanangu, mke wake, mimi, na mtoto aliyekuwa hajafikisha miaka 2, ambaye hupakatwa na mzazi ndegeni na kwa kawaida hulipiwa kama sehemu moja ya kumi ya nauli. Mdogo wangu alilipa tiketi mbili. Yangu niliitoa katika likelemba ya walimu, zamu yangu ilipofika. Mke wangu alibaki kwa ajili ya mama yake mgonjwa.

Sasa nijibu neno la kwanza, kwamba mtoto hatakumbuka. Ni kweli hatakumbuka. Lakini ni nani kati yenu anayekumbuka mikono ya kwanza iliyompokea? Hakuna. Hata hivyo ninyi ni watu wa jamaa zenu kwa sababu ya mikono hiyo. Mtoto mchanga hasafiri ili aone. Husafiri ili aonwe, abebwe, anuswe shingoni, aitwe jina lake na watu ambao kwa damu wana haki ya kumwita. Kumbukumbu itabaki kwa wengine, nao wataitunza kwa niaba yake. Nimefundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi, nami husikia wakisema kwamba elimu ya mtoto huanza darasa la kwanza. Siamini. Huanza siku ile anapojua, pasipo maneno, ni vifua vingapi anaweza kulala juu yake bila hofu.

Maandalizi ya mtoto yaliwashangaza vijana wa mtaa wangu, kwa hiyo nayaeleza. Mtoto mchanga huhitaji pasipoti yake mwenyewe. Huombewa viza yake mwenyewe kwa fomu yake mwenyewe, ingawa hatozwi ada, kwa maana walio chini ya miaka 6 husamehewa. Mtu mzima hutozwa euro 90 tangu Juni 2024. Alama za vidole hazichukuliwi kwa walio chini ya miaka 12. Bima ya matibabu ni lazima hata kwa yeye, nayo iweze kulipa gharama zisizopungua euro 30,000. Kilichotutesa zaidi ya vyote hivyo ni picha: uso mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, mkono wa mtu usionekane. Mpiga picha alitumia asubuhi nzima. Chanjo za surua na homa ya manjano alikuwa amekwisha kuzipata alipotimiza miezi 9, na kadi ya njano tuliibeba pamoja na pasipoti, kwa kuwa nchi yetu huidai kwa kila anayeingia mwenye umri huo na zaidi.

Tulipitia Addis Ababa hadi Frankfurt. Mama mmoja wa Kihabeshi aliyeketi karibu nasi alimwonyesha mkaza mwanangu kwamba mtoto anyonyeshwe wakati ndege inapopaa na inaposhuka, ili masikio yasimuume. Shauri hilo lilitufaa kuliko yote tuliyosoma. Kutoka Frankfurt, treni ya kasi hufika Köln kwa muda wa saa moja hivi, na katika treni hizo kuna chumba kilichotengwa kwa wenye watoto wadogo. Mtoto chini ya miaka 6 hahitaji tiketi. Hakuna aliyetuuliza neno. Mtu mmoja aliinuka tu, akasaidia kuweka masanduku juu.

Wakristo wengi hapa kwetu huamini kwamba wazungu hawapendi watoto. Nimeona jambo lililo gumu zaidi kulieleza kuliko hilo. Mdogo wangu alikataa kutuendesha hata kilomita 2 mpaka kiti cha mtoto kifungwe garini, kwa kuwa sheria hudai kiti maalumu hadi mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150. Mwanangu alicheka, akamkumbusha kwamba kwetu watu wanne hupanda pikipiki moja, na mtoto katikati. Mdogo wangu hakucheka. Alisema: «Na mmezika wangapi?» Baba, mama, hata mwajiri, kila mmoja hupangiwa na sheria wajibu wake kwa mtoto: mama mwajiriwa hupumzishwa wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baadaye, na baba naye ana haki ya kuacha kazi kwa muda ili alee. Mwaka 2011 walitunga hata sheria inayosema kwamba kelele za watoto wachezao katika shule zao za awali na viwanja vyao zisihesabiwe kuwa usumbufu. Ni kweli kwamba ilibidi kwanza majirani waende mahakamani kushtaki kelele hizo. Taifa lililohitaji sheria ya namna hiyo lina jeraha fulani, lakini pia limekubali kulitibu, na mimi sijui ni kwa haki gani tungelicheka sisi tunaowaacha watoto walale sokoni.

Usiku wa pili mtoto alilia sana. Katika jengo lile kimya hutakiwa kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mdogo wangu alikuwa akitembea chumbani kama mwizi. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa juu, mama mzee, amevaa kanzu ya kulalia. Tulijiandaa kwa lawama. Aliuliza kama mtoto ana homa, kisha akaandika juu ya bahasha nambari 116117, ambayo ni simu ya daktari wa zamu wakati zahanati zimefungwa, akapanda ngazi akarudi kulala. Hakutabasamu hata kidogo. Kwa wale wanaodai kwamba wema ni lazima uchangamke, nawaachia mfano huo.

Ilikuwa Desemba. Mke wangu alinikaripia kwa simu kila siku kwa sababu walimtoa mtoto nje katika baridi, amefungwa mgongoni kwa kitenge na kufunikwa koti la mama yake kama kobe. Jirani yule yule ndiye aliyesisitiza kwamba mtoto anahitaji hewa. Mwisho wa siku mtoto alilala vizuri, na mke wangu bado hajanisamehe.

Siku ya Jumapili maduka hufungwa. Pumziko la Jumapili limelindwa na katiba yao. Tulikwenda Misa ya Wakristo Waafrika wasemao Kifaransa, na baada ya Misa kulikuwa na chakula: bukari, sombe, samaki wa kukaanga. Hapo ndipo lile neno la pili lilipotukuta, maili nyingi mbali na mtaa wetu. Mwanamume mmoja, mtu wa kwetu, mcheshi na mwenye ukarimu, aliketi karibu na mwanangu. Akamwambia mzee arudi peke yake. Wewe baki, mke abaki, mtoto abaki. Hapa mtoto ni mlango. Hawawezi kumfukuza mtoto.

Mwanangu ana shahada, na kwa miaka mitatu hajapata kazi ya kudumu. Sitamdharau mtu kwa kulisikiliza neno kama hilo akiwa katika hali hiyo. Alilisikiliza hadi mwisho. Usiku ule hakulala, nami nilisikia kwamba hakulala.

Asubuhi mdogo wangu aliporudi kutoka zamuni, mwanangu alimwomba amwonyeshe karatasi aliyoitia sahihi ili sisi tupate viza. Kwa Kijerumani huitwa Verpflichtungserklärung, neno ambalo mjukuu wangu atalitamka kabla yangu. Mwenyeji huenda katika ofisi inayoshughulikia wageni, huonyesha mshahara wake na nyumba yake, kisha huahidi kwa maandishi kwamba atalipa gharama zote za mgeni: chakula, makao, matibabu, hata safari ya kumrudisha kwao akifukuzwa. Dola ikitoa senti yoyote kwa ajili ya mgeni huyo, humdai mwenyeji. Ahadi hiyo yaweza kumfunga hadi miaka 5. Na sikilizeni neno hili ambalo wapambe wa ng'ambo hawawaambii: hata mgeni akiomba hifadhi na kukubaliwa kuwa mkimbizi, deni la mwenyeji halifutiki kabla ya muda huo kwisha.

Mwanangu aliisoma polepole kwa msaada wa simu. Kisha akauliza: «Baba mdogo, hapa ni jina langu?» Mdogo wangu akajibu: «Ndiyo. Na hapo chini ni langu.» Akavua viatu vya kazi akaenda kulala.

Na ule mlango unaoitwa mtoto? Haupo. Mtoto aliyeingia na viza ya ziara ni mgeni kama wazazi wake: siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Hata mtoto anayezaliwa katika ardhi ya Ujerumani kwa wazazi wageni hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Mmoja wa wazazi lazima awe ameishi huko kihalali miaka 5, na tena awe na haki ya kukaa bila kikomo. Kabla ya Juni 2024 ilikuwa miaka 8. Aliyewaambia vijana wetu kwamba mtoto ni ufunguo hakuwaeleza kufuli lenyewe likoje. Ninachokichukia zaidi katika shauri hilo, hata hivyo, si uongo wake. Ni kumgeuza mtoto kuwa chombo. Mtoto aliyepelekwa ili mjomba, shangazi na babu zake wambebe, anageuzwa katika meza moja ya chakula kuwa karatasi ya kuonyesha polisi.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili, maana najua kwamba baadhi yenu mna ndugu waliotoka Kivu na Ituri. Mwinjili Mathayo ameweka katika sura moja safari mbili kuhusu mtoto mmoja. Mamajusi walitoka mbali, wakamwona mtoto pamoja na mama yake, wakatoa zawadi zao, kisha wakarudi nchini kwao kwa njia nyingine. Usiku uleule wa hadithi, Yosefu alimchukua mtoto na mama yake akakimbilia Misri, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwenye upanga. Ya kwanza ni ziara, ya pili ni ukimbizi. Anayekimbia risasi ana haki ya kuomba hifadhi, wala mtu asimwaibishe kwa hilo. Lakini anayetoka nyumbani kama Mamajusi, amealikwa, akalishwa, kisha akajivika vazi la Yosefu, humwibia Yosefu wa kweli anayengoja mlangoni, na humwachia ndugu yake deni. Pale Köln husimuliwa kwamba mabaki ya Mamajusi hao yaliletwa kutoka Milano mwaka 1164, na kanisa kuu lililoanzishwa mwaka 1248 na kukamilika mwaka 1880 linalihifadhi sanduku lao la dhahabu nyuma ya altare. Tulimpeleka mtoto huko. Alivutiwa zaidi na mishumaa.

Siku chache baadaye watoto wa parokia walikuja mlangoni kwa mdogo wangu wamevaa mataji ya karatasi. Tangu mwaka 1959 watoto Wakatoliki wa Ujerumani hufanya hivyo kila mwaka karibu na sikukuu ya Epifania: huimba, huandika kwa chaki juu ya mlango, na huchangisha fedha kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Mmoja wao, mwenye taji lililomzidi kichwa, alimtazama mjukuu wangu aliyekuwa mikononi mwa mdogo wangu, akauliza anatoka wapi. Alipoambiwa Kongo, alitazama sanduku lake la michango, kisha akamtazama tena mtoto, mnene, amevaa soksi tatu. Nilimwona akifikiri. Nadhani alikuwa hajawahi kukutana na mtoto wa Kongo ambaye hakuwa kwenye picha ya kuombea msaada. Kwa sababu ya uso wa mtoto yule tu, sijuti senti hata moja ya likelemba.

Na ninyi mnaotaka kwenda kufanya kazi au kusoma, kwa nini mwende kwa mlango wa uongo? Mafunzo ya uuguzi Ujerumani ni ya miaka 3, na mwanafunzi hulipwa wakati akijifunza. Hutakiwa awe na mkataba wa mafunzo na aijue lugha kwa kiasi cha kutosha, kwa kawaida ngazi ya B1. Njia hiyo ni ndefu, na wengi hukataliwa. Lakini mtu huipita akiwa na jina lake mwenyewe. Mwanangu ameanza kujifunza Kijerumani jioni, mara tatu kwa wiki. Sijui kama atafika. Anajifunza kwa vitabu vilivyotumika vya binamu zake, vyenye majibu yaliyokwisha kuandikwa kwa penseli, na hilo humwudhi.

Neno moja pia juu ya fedha, kwa sababu niliporudi swali la kwanza lilikuwa: mmeleta nini? Nimeona mshahara wa mdogo wangu ukiingia na kutoka: kodi ya nyumba, umeme, bima, chakula cha shuleni. Nimemwona akirudi saa moja asubuhi, vidole vimekauka kwa dawa ya kunawia, baada ya kuwageuza vitandani wazee ambao watoto wao wenyewe hawaji kuwaona. Alikula, akalala saa nne, akaamka ili ambebe mtoto kabla ya zamu nyingine. Alimwimbia nyimbo za mama yetu, zile ambazo mimi nilizisahau. Mkewe alituambia kwamba kabla ya hapo hakuwahi kumsikia akiimba katika nyumba ile. Siku ya nne alikaa jikoni, mtoto amelala juu ya kifua chake, akaniuliza kwa mara ya kwanza: «Yaya, walipomshusha Mama, ninyi mliimba nini?» Nikamweleza yote, tangu mwanzo hadi udongo wa mwisho.

Tuliondoka siku ya 24, viza ikiwa bado hai. Mpakani askari aligonga mihuri yetu, akagonga na ya mtoto. Mwezi uliopita mdogo wangu alirudi katika ofisi ileile kuomba kumwalika dada yetu mkubwa, ambaye hajamwona kwa miaka 14. Walifungua faili lake, wakaona kwamba wageni wa kwanza walirudi kwao, wakampa karatasi nyingine atie sahihi.